Mkono wa Albertina Ndani ya Mwamba

Tarehe nne ya mwezi wa sita, mwaka jana, mke wangu Albertina alikufa hapa nyumbani, Lubunga, mchana, nikiwa nimetoka kununua mkaa wa kupikia. Nilimpoteza yeye, na pamoja naye nikapoteza mkono uliofanya kazi ambayo watu walidhani ni yangu. Ninyi vijana huwa mnakuja kuniuliza jinsi tulivyokuwa tunatoa mawe yenye kung'aa bila kuyavunja. Mnaketi, mnaniita papa, mnangoja niwafundishe nyundo. Nyundo nitawafundisha. Lakini mjue tangu mwanzo kwamba sehemu kubwa ya ninayoyajua ilikaa kwenye vidole vya mtu mwingine.

Aliniachia pia kazi moja ambayo haikuisha. Miezi michache kabla hajafa, kule mbele ya Bengamisa, aliingiza mkono katika tundu moja la mwamba akagusa jiwe ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliona. Alisema ni mapasa. Mvua ikaja, maji yakapanda, tukaliziba tundu kwa udongo tukarudi nyumbani. Tangu azikwe nilikuwa nangoja jambo moja tu: maji yashuke, nikalitoe lile jiwe likiwa zima, nione alichokigusa. Nitawaeleza ilivyokwenda. Kwanza niwaeleze mapasa ni nini, la sivyo mtadhani mzee analilia changarawe.

Mahali penyewe ni machimbo ya zamani ya chokaa, sisi tunasema kariere. Wenye chokaa waliondoka zamani, wakaacha ukuta wa jiwe la kijivu na kijito kinachopita chini yake. Ndani ya kijivu kile kuna mistari myeupe, mingine myembamba kama uzi, mingine mipana kama paja la mtu. Mweupe huo ni kalsiti, na mstari wake tunauita mshipa. Mshipa uliojaa hauna faida, unavunjika vipande vya mshazari, basi. Unaotafutwa ni ule uliovimba na kuacha uwazi katikati. Uwazi huo tunauita tumbo. Ndani ya tumbo jiwe lilipata nafasi ya kukua na kutoa ncha zake, kama meno ya mbwa, safi kama maji ya chemchemi. Pengine juu ya meno hayo hukaa mawe madogo ya zambarau yenye pembe sawa kama vipande vya sabuni. Wanunuzi waliyaita fluorini. Na kwa nadra sana, mawe mawili ya kalsiti huota kutoka mguu mmoja yakiwa yameegemeana, moja likifanana na mwenzake kama bawa la kipepeo na bawa la pili. Hayo ndiyo mapasa, jina lile lile tunalowaita watoto wawili wa mimba moja.

Aliyenifundisha haya ni tonton Basile, yaani mjomba Basile, mtu wa kwetu Yanonge, aliyewahi kuchoma chokaa pale kariere alipokuwa kijana. Alikuwa na kichwa kikubwa, sauti ndogo, na hakuwahi kukubali kwamba amekosea. Akipata mapasa aliyasalimia mara mbili, "Mbote. Na weye, mbote," maana kwetu ukimsalimia mmoja wa watoto mapasa ukamwacha mwenzake, yule mwingine anakasirika. Nilipocheka mara ya kwanza aliniuliza kama kuna siku nilimpa mtoto mmoja wa mapasa sukari nikamnyima wa pili, na kama usiku ule nilipata usingizi.

Yeye alinifundisha kugonga ukuta kwa mpini wa nyundo, si kwa chuma chake, nikiwa nimefumba macho. "Fumba. Ukiona ile mweupe unaanza kupenda tu. Sikia kwanza." Jiwe lililojaa linajibu kwa sauti kavu, fupi. Penye tumbo sauti inashuka, kama mtu anayejibu akiwa chumba cha ndani. Ukiisikia hiyo, tafuta kutu. Mshipa ukianza kuwa na rangi ya chai na udongo laini wa kahawia unatoka, weka chuma chini. Hapo ni maji, kijiti cha mwanzi, na vidole. Wengi wenu hapo ndipo mnapochukua barameno, ule mtaimbo, kwa sababu mmeona mlango na mnataka kuingia. Pigo mnalopiga mlangoni linafika ndani kabla yenu.

Jingine: ukitaka kujua kama kipande ni kalsiti au jiwe gumu lingine jeupe, kidondoshee ndimu. Kikitoa povu ni kalsiti. Lakini jaribu kwenye kipande kilichovunjika, kile ambacho ungekitupa. Jiwe zuri usilioshe kwa ndimu hata likiwa na kutu kiasi gani. Povu lile ni jiwe lenyewe linaliwa. Ndimu iliyobaki ipelekee samaki.

Tulilijua hilo la ndimu, na bado tukafanya lile la unga. Tulikuwa tumepata tumbo moja zuri, meno mengi marefu yenye kung'aa, na hatukuwa na kitu cha kuyafungia. Tonton akasema tuyazike ndani ya unga wa muhogo, ule wa kusongea fufu. Albertina wakati huo alikuwa hajaanza kwenda kariere. Tulimkuta nyumbani anapepeta unga ule ule tuliokuja kuuchukua, akainua kichwa.

"Tonton, ile unga haijakauka muzuri. Bado iko muchachu."

"Iko laini. Itashika jiwe sawa mama anashika mutoto."

"Mutoto gani analala ndani ya uchachu?"

"Jiwe haina ulimi, mama. Haitasikia."

Tukaupeleka unga kariere, tukayazika mawe humo, na wakati wa kurudi mvua ilitunyea tangu Bengamisa hadi mjini. Mnunuzi alikuwa amesafiri, mfuko ukakaa kwa tonton, mtaa wa Simi-Simi, mpaka mtu yule akarudi. Tulipoufungua, harufu ya muhogo uliolowekwa ilijaa nyumba. Tukatoa jiwe la kwanza, tukalifuta, tukalifuta tena. Mng'ao wote ulikuwa umekwenda. Kingo zilikuwa zimelainika kama pipi ambayo mtoto ameinyonya halafu akairudisha kwenye karatasi yake. Mnunuzi alizungusha jiwe mkononi, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mulilamba ile mawe?"

Tonton Basile alisema ni hewa ya Simi-Simi. Tukavuka mto kurudi kwangu. Nyumbani Albertina alisikiliza habari yote bila kuacha kazi yake, halafu akasema, "Donc, mulipelekea mawe fufu, na fufu ndiyo imekula mawe." Alicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Alipomaliza akajifuta macho na kusema kwamba tangu siku hiyo kufunga ni kazi yake. "Weye na tonton muongee na ukuta. Mimi nitafunga."

Ndivyo alivyoanza kuja. Tulipanda naye baiskeli, baadaye lori za mkaa, baadaye pikipiki. Mtoto wetu mmoja, Odeti, alibaki kwa nyanya yake, na hilo Odeti hakulisahau.

Namna aliyofunga Albertina ni hii, na ningependa muishike. Jiwe likitoka tumboni, usilipeleke juani. Limekaa mahali pa baridi tangu dunia ianze. Ukilionyesha jua la saa sita linapasuka. Utasikia mlio mdogo, kama mtu amevunja kiberiti, na ufa tayari umepita ndani. Yeye alikuja na beseni. Alilijaza maji ya tundu lile lile, akaliweka jiwe humo, kivulini, akaacha beseni lipate joto lenyewe taratibu. Jioni aliliosha kwa mswaki wa zamani, akalikausha kwa kitambaa, akalizungushia nyuzi za mgomba, na juu yake majani ya mangungu, yale ya kufungia chikwange, mkate wa muhogo. Alifunga kama anayefunga chakula cha mtu anayekwenda safari. Hatukupoteza jiwe njiani tena.

Na siku moja, wakati mimi na tonton tunabishana mbele ya tumbo lenye mdomo mdogo, kama tuupanue kwa patasi au tuuache, yeye alijipaka sabuni mkononi akauingiza. Mimi mkono wangu ni wa mpiga kasia, unakwama penye mfupa wa kidole gumba. Wake ulipita. Alilaza shavu kwenye mwamba, mkono ukapotea mpaka kwenye kwapa, na macho yake yakawa yananitazama bila kuniona. Akaanza kutueleza.

"Hapa iko jino. Kichwa imevunjika. Hapa iko udongo. Hapa iko jino ingine, nzima, iko nalala." Akafumba macho. "Ngojeni. Musiongee."

Tonton alininong'oneza, "Muke yako anasoma ukuta sawa gazeti." Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja patasi tena.

Alinifundisha anachokisikia, ingawa mimi sikuwahi kukifikia. Uso wa jiwe uliokua wenyewe unateleza kama ndani ya shavu. Palipovunjika panakwaruza kama sukari, au pana ngazi ndogondogo. Na mapasa unayajua kwa bonde. Kidole kinashuka kwenye uso mmoja, kinakuta bonde, kinapanda uso wa pili, na chini ya bonde hakuna ufa. Ukikuta ufa, ni mawe mawili yaliyolaliana tu. Kila alipotamka neno mapasa nilikuwa natayarisha beseni, kwa sababu hakuwahi kulitamka halafu kikatoka kitu kingine.

Ninaendelea kumwona pale. Hilo siwezi kuliandika vizuri zaidi. Ninapofumba macho nigonge chochote, hata mlango wa nyumba, namwona amelaza shavu kwenye mwamba.

Kuna kalsiti nyingine iliyo safi kabisa. Ukiiweka juu ya mstari unaona mistari miwili. Siku moja niliiweka juu ya picha kwenye kadi yake ya kupigia kura, nikamwita aone. Nyuso mbili za Albertina, zimepishana kidogo.

"Angalia, Mama Odeti. Nimepata bibi wawili."

Alitazama kwa makini. "Mumoja tu anakushinda," akasema, akachukua kadi yake.

Sasa mna simu zenye taa, mna mashine za kukatia, mnapiga picha ndani ya tumbo kabla ya kuligusa. Sisi tulikuwa na kipande cha kioo cha kurudishia jua ndani ya tundu, na wingu likipita tunaketi. Sina ugomvi na mashine. Ila naona siku hizi wengi mnavunja ukuta wote kwa ajili ya changarawe, mweupe na kijivu pamoja, na mwaka huu wote nilikuwa naogopa mtafika kwenye tundu letu kabla yangu.

Tundu hilo tulilipata mwezi wa pili wa mwaka jana, kijito kikiwa chini kabisa. Tonton Basile alikuwa ametutangulia kaburini miaka mingi. Albertina alikuwa na ugonjwa wa sukari wa muda mrefu. Alitembea taratibu, nyayo zilimwaka moto, lakini alikataa kubaki nyumbani. Mimi nilikuwa nimeshamwambia kwamba huo ni mwaka wetu wa mwisho, magoti yangu hayataki tena kushuka ule mteremko. Chini ya ukuta, mahali ambapo siku zote huwa ndani ya maji, tuliona mshipa mpana wenye kutu, na mdomo mdogo kuliko ngumi yangu. Alijipaka sabuni, akalala juu ya mawe, akaingiza mkono. Alikaa kimya kuliko kawaida yake.

"Iko nini?"

"Ngoja."

"Iko jino?"

"Papa Odeti, ngoja kwanza." Halafu akasema, "Iko mapasa."

"Bonde unaisikia?"

"Naisikia. Itapita mulango. Lakini imeshika nguvu, leo hatutaiweza." Mvua ilikuwa imeanza kunguruma upande wa juu wa kijito. Alitoa mkono, akausuuza. "Tutarudi maji ikishuka."

Tukaziba tundu kwa udongo mzito, akaukandamiza kwa vidole vyake, akabandika majani juu. Njia nzima alikuwa na furaha. Aliniambia nitafute mtu wa kunikanda magoti.

Mwaka huu maji yaliposhuka nilimwomba Odeti twende. Odeti ni fundi wa kushona, ana duka lake dogo ng'ambo ya mto, na mkono wake ni mkono wa mama yake, mwembamba na mrefu. Alikubali, lakini njiani, sisi wawili nyuma ya pikipiki moja, alinisema.

"Papa, tunaenda mbali yote hii juu ya jiwe, sababu ya jiwe tu?"

"Juu ya mapasa."

"Nilikuwa mutoto, mulikuwa munaniacha juu ya mawe. Leo ninakuwa mukubwa, munanichukua juu ya mawe. Bon. Jiwe ndiyo iko premier-né, mimi nilizaliwa nyuma."

Mwenye pikipiki alicheka hadi nikamwomba aangalie barabara.

Ukuta wa chini ulikuwa bado haujaguswa. Nilikuwa nimetumaini kukuta alama za vidole vya Albertina kwenye udongo. Hazikuwepo. Maji yalikuwa yamelainisha uso wote, na majani yalikuwa yameoza. Nilitoa udongo kwa kijiti cha mwanzi, pole pole. Odeti aliingiza simu yake imewashwa taa, ikagota. Tundu linapinda kama kiwiko na lilikuwa limejaa maji ya matope. Akaiweka mfukoni, akakunja mkono wa blauzi, akajipaka sabuni. Nilimwonyesha namna ya kulala. Alilaza shavu lake kwenye mwamba. Ilinibidi nitazame kijito kidogo.

"Nimefika," akasema. "Maji iko baridi. Iko kitu."

"Usivute. Tembeza kidole. Inateleza?"

"Inateleza. Hapa inakwaruza."

"Tafuta bonde. Kidole ishuke, halafu ipande tena."

Alitafuta. Nilimwona anavyouma mdomo, kama anavyofanya akitunga uzi. "Bonde haiko."

"Zunguka upande wa nyuma."

"Nimezunguka, papa. Iko jiwe moja. Kichwa yake imevunjika."

"Pengine iko ingine pembeni yake."

"Haiko. Iko moja, halafu ukuta." Akageuza uso anitazame. "Unataka nikudanganye?"

Nikasema hapana. Nikamwambia alitoe.

Halikuwa limeshika nguvu. Alilisukuma kidogo kwa kidole likaanguka mkononi mwake. Jiwe moja, la kadiri ya ndizi ndogo, lenye ukungu ndani na ganda la kahawia, ncha yake imevunjika zamani sana. Jiwe ambalo ninyi mngelikanyaga mkipita. Nililiweka kwenye beseni la maji ya tundu, kivulini, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Nikasema kwa sauti, nadhani nilikuwa najisemea mwenyewe, kwamba mama yake hakuwahi kukosea kwa mkono.

Odeti alikuwa anaosha mkono wake kwenye kijito. Hakugeuka.

"Vidole ya mama ilikuwa imekufa, papa. Tangu mwaka ule mwingine. Ni sukari. Alikuja kwangu kunisaidia kushona vifungo, sindano inaanguka, haisikii. Anajidunga, damu inatoka, haijui."

"Hakuniambia."

"Aliniambia nisikuambie. Alisema ukijua, hutamuita tena kwa ukuta."

Nilikaa juu ya jiwe. Odeti akaja akakaa karibu yangu, akaniwekea mkono wake wenye maji mgongoni. Nilikuwa nafikiria jinsi alivyokaa kimya akiwa amelala pale, na jinsi alivyosema tutarudi, wakati mimi nilikuwa nimeshamwambia huo ni mwaka wetu wa mwisho.

Halafu niliinuka nikajipaka sabuni. Odeti aliniuliza nafanya nini. Nililala mahali walipolala wote wawili, magoti yakiuma, nikaweka shavu kwenye mwamba na kuingiza mkono. Ulikwama penye mfupa wa kidole gumba. Lakini vidole vilikuwa vimeingia, na ncha zake zilifika kwenye maji. Yalikuwa baridi kama alivyosema Odeti. Nilikaa hivyo. Juu kule mwenye pikipiki alipiga honi, na Odeti akamjibu kwa sauti angoje.

Akapiga tena. Nikautoa mkono.